Urefu wa Nguzo

Karibu na mji wa Longmont, jimbo la Colorado, Marekani, kuna shamba la ekari 24 ambalo familia moja imelishika tangu 1972. Kwa miaka mingi lilitoa nyasi za mifugo, na nyasi zikawa hazilipi. Mjukuu akataka kuweka sola. Jua lilikuwepo tele, lakini kanuni za ardhi za Kaunti ya Boulder ziliyalinda mashamba mazuri dhidi ya mitambo ya umeme. Ikabidi kwanza kanuni zibadilishwe.

Kaunti haikukosea kulinda udongo wake. Tatizo ni kwamba sheria nyingi zilijua mambo mawili tu: hapa ni shamba, pale ni mtambo. Ardhi iliyo vyote viwili haikuwa na jina.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1981, Adolf Goetzberger, mwanzilishi wa taasisi ya Fraunhofer ya nishati ya jua mjini Freiburg, Ujerumani, aliandika pamoja na Armin Zastrow makala kuhusu viazi kuota chini ya paneli. Walionyesha kwamba ukiziinua paneli mita 2 hivi na kuziachia nafasi, mimea hubaki na sehemu kubwa ya mwanga. Wakati huo paneli zilikuwa ghali mno, na wazo likalala.

Japani ndiyo iliyoliamsha. Mhandisi Akira Nagashima alianza majaribio yake miaka ya mwanzo ya 2000, lakini milango ilifunguka 2013, Wizara ya Kilimo ilipotoa mwongozo: wakati huo mkulima alipewa kibali cha miaka 3, na mavuno yake yalitakiwa yasishuke chini ya asilimia 80 ya wastani wa eneo lake. Naupenda mwongozo huu kuliko sheria nyingi zilizofuata, kwa sababu unamwuliza mkulima amevuna nini.

Colorado ilianzia upande mwingine. Sheria yake ya 2010 ya bustani za sola za jamii ilimfikiria mpangaji wa ghorofa, mtu asiye na paa lake. Huyo hununua sehemu ya mtambo uliojengwa kwingine. Umeme huingia kwenye gridi, na thamani ya fungu lake hukatwa kwenye bili yake. Kila bustani ilitakiwa iwe na wanachama wasiopungua 10 na isizidi megawati 2. Ni sheria ya haki, ila macho yake yalikuwa kwenye bili. Udongo ulio chini ya paneli haukuangaliwa, na ardhi tambarare inayofaa paneli mara nyingi ni shamba la mtu.

Hapo ndipo urefu wa nguzo unapoingia. Nguzo ndefu hula chuma kingi, na mwekezaji anayehesabu umeme peke yake hana sababu ya kuzirefusha. Massachusetts, jimbo jingine la Marekani, ililiona hilo. Katika mpango wake wa 2018 wa kulipia umeme wa jua iliongeza senti 6 kwa kila uniti ya umeme unaotoka shambani, kwa masharti: ukingo wa chini wa paneli uwe futi 8 juu ya ardhi, au, kama paneli zinageuka kulifuata jua, ziwe futi 10 juu zinapolala sawa, na kivuli kisiinyime mimea zaidi ya nusu ya mwanga. Futi hizo ndizo zinazompitisha ng'ombe, na mtu na jembe lake.

Pale Longmont, paneli 3,276 zilisimamishwa 2020, nyingine futi 6 na nyingine futi 8 kutoka ardhini. Umeme wake unatosha nyumba 300 hivi. Paneli hugeuka na jua, kwa hiyo kivuli nacho hutembea juu ya matuta ya mboga kutwa nzima. Mmea uliopigwa na jua asubuhi hupumzika baadaye.

Watafiti wa Arizona walieleza 2019 faida ya mapumziko hayo. Katika joto la jangwa, pilipili pori za kule chini ya paneli zilizaa mara tatu ya zile za juani, na nyanya ndogo mara mbili. Mimea ilitoa mvuke, mvuke ukazipoza paneli kwa karibu nyuzi 9 mchana, na paneli iliyopoa huzalisha vizuri kuliko iliyochemka. Wachagga, waliootesha kahawa chini ya migomba vihambani mwao vizazi na vizazi, hawatashangaa.

Mwaka 2023 Colorado ilirudi kwenye udongo ilioupita 2010: ikatunga sheria ya kutoa ruzuku kwa kilimo cha chini ya sola, kupitia idara yake ya kilimo.

Huku kwetu Kenya, jaribio la kilimo hicho lilianza Isinya, Kaunti ya Kajiado, ambako maji ni ya kuhesabu. Mapema 2022 kabichi zilizokuwa chini ya paneli 180 zilikuwa kubwa kwa theluthi moja kuliko zile za juani, kwa mbolea ile ile na maji yale yale. Nguzo za pale zina urefu wa mita 3.