Udongo Ungali Maji: Sanamu za Uzigua na Adabu ya Kusahihisha

Msafiri atokaye Tanga kuelekea bara, akiisha kuipita Muheza na safu za mkonge zisizokwisha, hufika Korogwe, mji ulioketi kando ya mto ambao wenyeji huuita Ruvu na ramani huuita Pangani, mji uliofikiwa na reli ya Wajerumani katika mwaka 1902. Na akiuvuka mto huo, akaipa kisogo milima ya Usambara na kushika njia ya kusini, huingia Handeni, kitovu cha Uzigua. Wengi hupita njia hiyo kila siku kwa haja zao za biashara na za ujamaa, wala si ajabu ikiwa hawajui ya kwamba katika nchi hizi mbili, na katika milima ya Nguu iliyo upande wa magharibi, palikuwa na madrasa ya taswira isiyo na bango wala dawati, ambamo umbo la binadamu lilifinyangwa kwa udongo, likatazamwa, likafasiriwa, na mkono uliolifinyanga ukapimwa kwa mizani ya watu wazima.

Sanamu hizo zilikuwa vitabu vya jando na unyago. Mwali wa Kizigua au wa Kinguu alipoingia katika mafundisho ya unyago, na mvulana alipokaa kumbini, hawakukabidhiwa karatasi. Waliwekewa mbele yao mtu, mnyama, nyoka au chombo cha nyumbani, vyote vya udongo uliokaushwa bila kuchomwa, aghalabu vimetiwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kila kimoja kiliimbiwa wimbo wake, na ndani ya wimbo mlikuwa na fumbo, na ndani ya fumbo mlikuwa na wasia juu ya staha, juu ya ndoa, juu ya malezi na juu ya wajibu wa mtu kwa wenziwe. Wasambaa na Wabondei nao walikuwa na sanamu zao katika mafundisho yao. Shughuli ilipokwisha, nyingi zilivunjwa au zikafichwa, kwa kuwa zilifinyangwa ili kufundisha, na somo likiisha kuingia moyoni udongo ulikuwa umemaliza kazi yake.

Kwa kuitazama kazi hiyo ndipo tunapoweza kufahamu zilivyopimwa. Sanamu ambayo waliokwisha kufundwa hawakuweza kuitambua ilikuwa somo lililopotea, hata kama uso wake ulilainishwa ukang'aa. Na ile iliyotambulika mara moja, ikavuta wimbo wake mdomoni mwa mtazamaji, ilikuwa imetimiza amana yake, hata kama mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko wa pili. Mtu aliyezoea kukipima kimo kwa kichwa, akijua ya kwamba mtu mzima aliyesimama ana urefu wa vichwa saba au saba na nusu, akikutana na sanamu ambayo kichwa chake ni robo ya kimo chote, hufanya haraka kusema kwamba fundi amekosea. Naye amekosa insafu, kwa kuwa ameipima kazi kwa kipimo ambacho mwenye kazi hakukikusudia. Kwa jirani wa kusini, Wakwere na Wazaramo, iko sanamu ya mti iitwayo mwana hiti, aliyopewa mwali alipokuwa akiwekwa ndani: kichwa chake kimechongwa kwa mtindo wa nywele uliopambika, kiwiliwili chake ni kama kigogo, na mikono haina. Fundi aliyeweza kuzichonga nywele kwa ustadi ule asingeshindwa kuchonga mkono, na kwa hiyo kilichoachwa kiliachwa kwa akili, kama mshairi aachavyo neno ambalo msikilizaji atalitia mwenyewe.

Katika zama za Waingereza alitokea mzaliwa wa Austria, Hans Cory, aliyekuja kuwa mtaalamu wa serikali ya Tanganyika katika mambo ya jamii, mtu aliyeandika juu ya sheria za Wahaya na za Wasukuma, ambaye katika mwaka 1944 alitangaza makala juu ya sanamu za jando na unyago za Wanguu, na katika mwaka 1956 akapigisha chapa mjini London kitabu kizima juu ya sanamu za namna hiyo katika Tanganyika. Tuna haki ya kumshukuru, kwa sababu alikusanya vitu ambavyo desturi yenyewe iliviamuru vivunjwe, na pamoja navyo akaandika maana na nyimbo zake, jambo ambalo wakusanyaji wengi wa wakati ule hawakulishughulikia. Hata hivyo sanamu iliyotolewa nyumbani mwake ikawekwa ndani ya kioo hupoteza nusu ya usemi wake. Haina tena sauti ya kungwi, haina mwali wa kuijibu, na, jambo ambalo watu hulisahau upesi, haina tena nuru yake.

Nuru ni nusu ya umbo. Nyumba ya msonge ya zamani, katika Uzigua na katika Usambara, ilikuwa na mlango mmoja na kiza kingi, na mwanga ulioingia mlangoni ulikipiga kitu ubavuni, ukaangaza shavu moja na kuliacha la pili kivulini, hata donge dogo la udongo likaonekana lina uso, kifua na mgongo. Na usiku moto wa mafiga ulifanya kazi ile ile kutoka chini, ukavirefusha vivuli ukutani na kuitia sanamu haiba na hofu. Kinyume cha hayo ni jua la adhuhuri. Handeni na Korogwe zimo karibu na latitudo ya 5 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo katika siku za mwanzo wa Machi, na tena za mwanzo wa Oktoba, jua la saa sita hupita utosini hasa: macho huzama chini ya nyusi, kivuli cha pua hufunika mdomo, na uso mzuri wa mtu hugeuka fuvu. Mchoraji akiketi saa hiyo kumchora mwenziwe, na taswira ikatoka mbaya, pengine mkono wake hauna hatia yoyote. Kosa ni la saa aliyoichagua, na msahihishaji asiyeuliza saa atamlaumu bure.

Mvutano baina ya kipimo cha macho na kipimo cha maana ulijitokeza tena, kwa sura mpya, katika chuo cha Makerere. Margaret Trowell, mwanamke wa Kiingereza aliyesoma katika shule ya Slade mjini London, alianza mwaka 1937 kuwafundisha Waafrika sanaa huko Kampala, na njia yake ilikuwa kuwasimulia wanafunzi kisa kwa maneno, kisha kuwaacha wakione kwa jicho la ndani na kukichora, kwa kuwa alihofu kwamba kuiga michoro ya Ulaya kungeua kilichokuwa chao. Alipostaafu mwaka 1958 mahali pake palishikwa na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, ambaye aliwatia wanafunzi katika nidhamu ya kutazama kitu kilicho mbele yao na kuzisoma kanuni za rangi. Mwanafunzi wa Trowell, Sam Ntiro wa Machame, yeye pia alikwenda kusoma Slade, akafundisha Makerere, akawa balozi wa Tanganyika mjini London. Na picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku, imo leo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Nikiyafikiri hayo huona kwamba Trowell na Todd kila mmoja alishika ncha moja ya kamba ambayo makungwi wa Uzigua waliishika yote kwa pamoja, kwa maana wao walianza na kisa, na papo hapo walidai kiumbe kitambulike na macho.

Basi, kijana wa Korogwe au wa Handeni aletapo leo mchoro wake wa mkaa, mtu aliyeketi kitini karibu na koroboi, na kuomba aambiwe kweli, ipo adabu ya kumjibu. Kwanza mchoro utazamwe kimya, ukiwa umesimamishwa mbali hatua kadhaa, kwa sababu kosa la umbo zima halionekani na jicho lililougusa ukurasa. Pili aulizwe: ulitaka niuone uchovu wake, au uzee wake, au utulivu wake? Tatu atajiwe kilichosimama sawa, wala isiwe kwa kumbembeleza, bali kwa kumjulisha asikivunje wakati wa kutengeneza. Ndipo aambiwe kasoro, na iwe moja au mbili, kwa lugha ambayo mkono unaweza kuitii. Maana kumwambia mtu kwamba mchoro wake hauna uhai ni kumtia huzuni bila kumpa dawa, lakini kumwambia ashike penseli kwa mkono ulionyooka, afumbe jicho moja, apime kichwa kinaingia mara ngapi tangu utosi hata kiti, ni kumpa kazi ya kufanya kesho. Mwambie akunje macho nusu mpaka mambo madogo yafutike, yabaki mawili tu, palipo na nuru na palipo na kiza. Aifuate nuru mpaka kwenye koroboi yenyewe, ahakikishe kwamba kivuli cha pua na kivuli cha kiti vyote vinaikimbia taa moja, kwani mara nyingi mchoro hupotea njia pale mchoraji anapowasha, bila kujua, taa mbili ndani ya chumba chenye moja.

Na mkono wa msahihishaji usiishike kazi ya mwenziwe ila kwa idhini. Mfinyanzi mwenye hekima, akimfundisha binti yake kukivuta chungu, humwonyesha kwa chake, akaacha cha mtoto kiendelee kuwa cha mtoto. Na kikiisha kuchomwa hukigonga kwa ukucha ili kusikia mlio, na wakati huo hapana tena la kusahihisha, kilicholia vizuri kimelia na chenye ufa kimekwisha kujisema. Nasaha ina majira yake, nayo ni kabla ya moto. Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji, wengi wetu tumezoea kuifahamu methali hiyo kama amri kwa wazazi juu ya watoto. Lakini kwa wale waliofinyanga sanamu ambazo hazikuonja moto kamwe, zikavunjwa ili mwaka wa pili zifinyangwe upya, udongo ulikuwa daima karibu na maji, na fundi alirudi kila mara kwenye mwanzo wa kazi yake, akiwa na nafasi nyingine ya kuambiwa, ya kusikia na ya kutengeneza.