Karo ya Watoto wa Mpakani

Kwa miaka mingi kabla ya uhuru, mtoto wa Bungoma, magharibi mwa Kenya, aliyemaliza shule ya msingi hakuwa na pa kuendelea karibu na kwao. Shule za upili za Waafrika zilihesabika, kama vile Maseno, Yala, Kakamega, na Alliance kule Kikuyu. Wengine waliona heri wavuke waingie Uganda. Masinde Muliro, mzaliwa wa Matili aliyekuja kuwa mwanasiasa mashuhuri, alisomea St Peter's College, Tororo, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 1949. Mjini Lwakhakha, ambako mto wenye jina hilo ndio mpaka wenyewe, na Wabukusu wa huku wana jamaa kwa Wamasaaba wa ng'ambo, kuvuka kutafuta elimu hakukumshangaza mtu.

Kitale ilikuwa karibu, lakini haikuwa yao. Reli ilifika huko mwaka 1926 kwa ajili ya mahindi ya walowezi, na Kitale School ilijengwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Mtoto wa kibarua wa shambani alibahatika akipata darasa la udongo pembeni mwa shamba la bwana.

Wafadhili wa kwanza walikuwa wamisionari. Marafiki, yaani Wakweka, walitua Kaimosi mwaka 1902, na kazi yao ikapanda kaskazini hadi ikazaa shule ya Kamusinga, karibu na Kimilili. Wakatoliki wa Mill Hill nao walishika Kibabii. Msaada huo ulikuwa na masharti: ukitaka daftari, acha tambiko na mke wa pili. Si kila mtu aliyakubali. Elijah Masinde, aliyelelewa katika kanisa hilo hilo la Marafiki, aligeuka akaongoza Dini ya Musambwa, na Februari 1948 polisi wakawafyatulia risasi wafuasi wake Malakisi, mwendo mfupi kutoka Lwakhakha.

Uhuru ulileta harambee. Mgeni rasmi anaketi chini ya turubai, majina na michango vinatangazwa kwa kipaza sauti, jogoo ananadiwa mara tatu, na aliyemnunua anamrudisha anadiwe tena. Kwa njia hiyo wanakijiji walijenga madarasa mengi mno, hata kufikia miaka ya 1970 shule za upili za harambee zilikuwa zimezipita zile za serikali kwa idadi. Kulikuwa na kinaya ndani yake, na hakisemwi vya kutosha: mzazi maskini aliyejenga shule kwa jasho lake mara nyingi alilipa karo kubwa kuliko mwenzake wa shule ya serikali, na mwanawe akafundishwa na mwalimu asiyesomea ualimu.

Pesa zilipita mpakani kwa wingi katika magendo ya kahawa ya miaka ya 1970. Baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ikapaa, na kahawa ya Uganda ya Idi Amin ikamiminika soko la Chepkube, Bungoma. Watu walitajirika kwa usiku mmoja. Mwandishi huyu hajui mfuko wowote wa kudumu wa kusomesha watoto ulioachwa na utajiri huo.

Mwaka 1988 serikali ilihalalisha ugawanaji wa gharama, na mzigo ukarudi kwa mzazi. Mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992 yalizifukuza familia Trans Nzoia na Mlima Elgon. Machafuko ya 2006 hadi 2008 yakawatoa wengine tena. Baadhi ya watoto waliishia mitaani Kitale, na hapo ndipo makanisa na mashirika ya hisani yalipozidisha kazi ya kuwatafutia watoto hao wafadhili.

Januari 2003 shule ya msingi ikawa bure. Mwaka 2008 serikali ikaanza kulipia masomo ya sekondari, shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Basari ya CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, ilianza baada ya sheria ya 2003, na pamoja nayo foleni ya kutafuta muhuri wa chifu. Tatizo la basari ni kwamba hugawanywa vipande vipande ili kila kata ionekane imepata. Elfu chache hupunguza deni. Hazimzuii mwanafunzi kutumwa nyumbani.

Mpango wa ufadhili wa Wings to Fly, ulioanzishwa mwaka 2010 na Equity Group Foundation pamoja na Mastercard Foundation, uliona palipovuja: ulilipa karo, sare, vitabu, nauli na hata pesa za matumizi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo palipo tofauti kati ya kumsaidia mtoto na kumsomesha.

Kwa hiyo wewe unayetaka kumfadhili mtoto wa Lwakhakha, usiulize karo pekee. Omba barua ya kujiunga na shule ya upili, usome ile orodha ya nyuma: sanduku la bati, godoro, blanketi, ndoo, viatu, fyekeo, karatasi za mitihani. Jumlisha karo na nauli ya mihula mitatu, zidisha kwa miaka ya masomo, ongeza gharama ya vitu hivyo, ndipo utoe ahadi.