Parameta: Historia ya Mipaka Ndani ya Programu za Biashara

Tarehe 6 Mei 1949, kompyuta ya EDSAC ilipoendesha programu yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Cambridge, waandishi wa programu zake walikuwa tayari wanakabiliwa na swali zito: hesabu inayohitajika mahali pengi iandikwe upya kila mahali, au iandikwe mara moja na kuitwa kila inapohitajika? David Wheeler, aliyekuwa mwanafunzi wa utafiti chini ya Maurice Wilkes, alishika njia ya pili, na kwa kazi yake prosija, yaani sehemu ya programu yenye kazi mahususi ambayo sehemu nyingine huiita na kungoja matokeo, ikapata umbo la kutumika.

Ugumu haukuwa katika kwenda bali katika kurudi. EDSAC haikuwa na amri ya kukumbuka mahali prosija ilipoitwa, hivyo Wheeler alibuni mbinu ambayo programu, kabla ya kuruka, ilipakia amri yake yenyewe katika rejista ya hesabu, nayo prosija ikaiongezea thamani maalumu, ikaigeuza kuwa amri ya kurudi na kuipachika mwishoni mwa prosija. Thamani ambazo prosija ilizihitaji ziliweza kuwekwa mara tu baada ya amri ya kuruka. Hizo ndizo parameta: vitu ambavyo mwitaji humkabidhi mwitwa ili kazi ileile ifanywe kwa data tofauti. Wilkes, Wheeler na Stanley Gill walilifafanua jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 1951.

Biashara haikuchelewa. Kampuni ya J. Lyons ya London, iliyomiliki mikahawa ya chai na viwanda vya mikate, ilichangia pauni 3,000 katika ujenzi wa EDSAC, kisha ikaunda kompyuta yake, LEO, kwa kufuata muundo huo. Mwishoni mwa mwaka 1951 LEO ilikuwa ikikokotoa kila wiki thamani ya bidhaa za mikate, na baadaye ikaingia katika mishahara. Hesabu ya mishahara inaonyesha vizuri thamani ya prosija, kwa kuwa kanuni ya kodi ni ileile kwa wafanyakazi wote ingawa kila mmoja ana mshahara wake. Kanuni inapobadilishwa na serikali, panapaswa kurekebishwa mahali pamoja tu.

Swali lililofuata lilikuwa parameta ikabidhiwe vipi. Karani anaweza kupewa nakala ya hati, au akapewa ufunguo wa kabati lenye hati asilia. Katika njia ya kwanza hawezi kuiharibu asilia, katika ya pili anaweza. Lugha ya programu ya ALGOL 60 iliruhusu kupitisha thamani, ambayo ni ile nakala. Lugha ya Fortran II ya mwaka 1958 kwa kawaida ilipitisha anwani ya kumbukumbu, ambayo ni ule ufunguo, na matokeo yake yakawa ya ajabu: prosija iliyopewa namba isiyopaswa kubadilika iliweza kuibadilisha, na programu nzima ikaendelea kuhesabu kwa namba iliyoharibika.

COBOL, lugha iliyobuniwa kuanzia mwaka 1959 kwa ajili ya kazi za ofisi, ilianza pasipo ulinzi wa aina yoyote. Amri yake ya PERFORM iliita aya ya programu bila kuikabidhi parameta, kwa sababu data zote zilitangazwa katika sehemu moja, DATA DIVISION, na kila aya iliweza kuzisoma na kuzibadilisha. Mpango huo ulisomeka kwa urahisi na uliwafaa wahasibu waliotaka kuona mafaili na rekodi zao bayana. Lakini programu ilipofikia maelfu ya mistari, kujua ni aya gani iliyobadilisha salio kulidai kuisoma yote. Huo ulikuwa upungufu mkubwa katika lugha iliyobeba fedha za watu.

Mwaka 1972 mtaalamu wa programu David Parnas alipendekeza kwamba programu igawanywe katika moduli ambazo kila moja huficha uamuzi mmoja wa usanifu. Miaka miwili baadaye Wayne Stevens, Glenford Myers na Larry Constantine walieleza ufungamano, yaani kiasi ambacho moduli moja huitegemea nyingine, wakionyesha kuwa parameta chache zilizo wazi ni bora kuliko data zinazoguswa na wote.

Kiwango cha COBOL cha mwaka huohuo, 1974, kilileta CALL pamoja na USING, na sehemu iitwayo LINKAGE SECTION ambamo programu iliyoitwa ilieleza parameta ilizozitarajia. Upitishaji ulibaki wa anwani hadi kiwango cha 1985 kilipoongeza BY CONTENT, inayokabidhi nakala. Hata hivyo parameta zililinganishwa kwa mpangilio wake tu, na kompaila, yaani programu inayotafsiri lugha kuwa amri za kompyuta, ilishughulikia kila programu peke yake, hivyo mwitaji aliyetanguliza mshahara mahali palipotarajiwa namba ya mfanyakazi hakupata onyo lolote. Kwa hiyo waandishi wengi walizikusanya parameta katika rekodi moja, wakaweka maelezo yake katika faili la pamoja na kuliingiza kwa amri ya COPY katika programu zote mbili, ili badiliko lifanywe mara moja na kuzifikia zote zinapokompailiwa upya.