Jiwe Lililomtangulia Mwanafunzi
Jina la Shinyanga lilivuka bahari pamoja na jiwe. Mwaka 1940 mjiolojia Mkanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Mwaka 1947 akamtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, kwa arusi yake, almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ukaongeza sifa ya dhahabu. Basi mwanafunzi wa huko, afikapo ughaibuni, hudhaniwa mrithi wa hazina. Kumbe sheria, tangu enzi ya Mwingereza hadi Jamhuri, imemwachia mkulima uso wa ardhi tu. Madini ni ya dola. Mwana huulizwa utajiri ambao babaye, akiuchimba shambani mwake bila leseni, hushtakiwa.