Safu ya Lugha: Chekeche si chujio
Bango la muuza vipuri linasema: “Chujio za mashine za kuchekecha unga.” Kitenzi sahihi kimo humohumo, jina likakosewa! Kuchuja ni kwa majimaji: chai, tui, mafuta. Unga, mchanga na chumvi huchekechwa, na kifaa chake ni chekeche, wingi machekeche. Ungo nao ni wa kupepetea. Wengine huliita chekeche “skrini”, neno la Kiingereza ambalo kwetu limeshazoeleka kwa kioo cha simu.

Ile sehemu ya waya inayobadilishwa ikichakaa ni wavu. Unapoagiza, taja idadi ya matundu kwa inchi: namba ikipanda, tundu huwa dogo zaidi. Ukiufunga, ukaze kama ngozi ya ngoma. Wavu uliolegea kwenye mashine inayotikisika kutwa huchanika upesi.