Rangi za Onyo

Anayeanza kupiga picha za wadudu bustanini hugundua upesi kwamba wenye rangi kali ndio wasio na haraka. Kereng'ende huondoka kabla simu haijamfikia, na panzi wa kijani hujificha upande wa pili wa jani. Lakini panzi mwenye mabaka ya manjano, meusi na mekundu, Zonocerus elegans, huendelea kutafuna jani la muhogo hata lenzi ikimkaribia kiasi cha kuonyesha pingili za vipapasio vyake. Ukimbana hutoa majimaji yanayonuka. Hana sababu ya kukimbia.

Wataalamu huita hali hiyo aposematizimu: mdudu mwenye sumu, mwiba au ladha mbaya hujitangaza kwa rangi zinazoonekana mbali, ili adui amtambue na kumwacha. Wazo lilitolewa na Alfred Russel Wallace mwaka 1867, Charles Darwin alipomuuliza kwa nini baadhi ya viwavi wana rangi za kung'aa. Istilahi yenyewe ilitokana na Edward Bagnall Poulton, mwaka 1890, aliyeunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mbali" na "ishara".

Kwa Kiswahili tunaweza kuchagua kati ya rangi za kutisha, rangi za tahadhari na rangi za onyo. La kwanza halifai, kwa kuwa hata mdudu asiye na madhara anaweza kutisha: nondo hufunua madoa kama macho, adui akashtuka, basi. Tahadhari nayo huchukuliwa na anayeonywa. Hiyo ni kazi ya ndege. Onyo hutoka kwa mdudu, nalo lina ukweli nyuma yake: ukipuuza, utaumia. Kwa hiyo rangi za onyo ndilo jina linalobeba maana nzima.

Wapo pia wanaoazima onyo la wenzao. Kipepeo Danaus chrysippus, wa rangi ya chungwa, hupata sumu kutoka kwenye mimea yenye utomvu mweupe anayokula akiwa kiwavi. Jike la Hypolimnas misippus hana sumu hiyo, ila amefanana naye mno. Hapo picha ya karibu husaidia: Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa la nyuma, mwigaji analo moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Rangi za huyu tuziite rangi za kuiga.

Kwa hiyo usiandike "rangi za onyo" chini ya kila picha inayopendeza. Chunguza kwanza kama mdudu ana cha kuonya. Na ukimkuta mbawakawa mweusi mwenye mikanda ya manjano juu ya ua, mpige picha bila kumgusa: wengi wa aina hiyo hutoa majimaji yanayotoa malengelenge kwenye ngozi.