Martini na Mto Tana: Kinywaji Kilichogawiwa kwa Rangi ya Ngozi

Sera mpya ya pombe iliyozinduliwa na serikali ya Kenya mwishoni mwa Julai 2025 ilizua zogo kwa pendekezo moja zaidi ya mengine yote: umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Zogo lilipochacha, NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ikalazimika kufafanua kwamba sera si sheria. Ubishi wote huo ulihusu nani anywe na nani asinywe. Swali hilo lina umri mkubwa kuliko Kenya yenyewe. Kwa upande wa pombe kali lilikatiwa shauri katika siku mbili za mwaka 1890, moja Berlin na nyingine Brussels, na hakuna mkazi wa Mto Tana aliyeulizwa.

Ukishuka na mto kutoka Garissa, utapita Nanighi kabla ya kufika Hola na Garsen. Ni mahali pa mifugo na msikiti, na anayetaka martini hana haja ya kusimamisha gari hapo. Ila maji yanayopita chini ya kingo zake yametoka Aberdare na Mlima Kenya, na kwenye miteremko ya milima hiyo huota mtarakwa. Huo ni ndugu wa mreteni, kichaka cha Ulaya ambacho matunda yake madogo ya buluu ndiyo yanayoipa pombe ya jini harufu yake. Bila matunda hayo, jini ni spiriti kama spiriti nyingine. Kwa hiyo mto huu una haki ya kutajwa katika habari za martini, hata kama watu wake wengi hawainywi.

Asili ya kinywaji chenyewe imeshasimuliwa sana. Wamarekani walikuwa wakichanganya jini na vermuti, yaani mvinyo uliokolezwa mitishamba, katika miaka ya 1880. Kitabu cha O. H. Byron cha mwaka 1884 kina kinywaji kiitwacho Martinez, kitamu cha sukari. Kadiri miaka ilivyosonga, vermuti tamu ikaiachia nafasi ile kavu, kisha hiyo nayo ikapunguzwa tone kwa tone. Baadaye akaja James Bond wa Ian Fleming na amri yake ya kutikisa badala ya kukoroga, na dunia ikamwamini jasusi kuliko wahudumu wa baa.

Turudi 1890. Mwaka 1885 ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walikuwa wamepata mkataba kwa Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, na Ujerumani ikatangaza himaya yake karibu na mlango wa Tana. Miaka mitano baadaye, tarehe 1 Julai 1890, Berlin iliiachia Uingereza Witu, na katika mapatano hayohayo ikapewa kisiwa cha Heligoland kilichoko Bahari ya Kaskazini. Kesho yake, tarehe 2 Julai, mataifa yaliyokutana Brussels yakatia saini mkataba mkubwa dhidi ya biashara ya watumwa. Shuleni tunaufahamu kwa hilo tu. Sura yake ya sita, kifungu cha 90 hadi 95, inahusu pombe kali.

Sura hiyo ilichora ukanda juu ya ramani ya Afrika kutoka latitudo ya nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini. Ndani ya ukanda huo, popote ambapo watu hawakuwa na mazoea ya pombe kali, iwe kwa sababu ya dini au nyingine, ilikuwa marufuku kuiingiza na kuikeneka. Mtu wa Tana, Mwislamu asiyegusa kileo, angeweza kusema Wazungu wamefanya jambo jema angalau mara moja. Na kweli hawakuwa na hila tupu. Afrika Magharibi ilikuwa imefurikwa na jini ya bei rahisi kutoka Uholanzi na Hamburg, mahali pengine ikitumika kama fedha, na wamishenari walikuwa wakilia kwa haki.

Lakini soma mbele kidogo. Kifungu cha 91 kinaruhusu kila serikali kuingiza kiasi fulani cha pombe kwa ajili ya wakazi wasio wenyeji. Hapo ndipo sheria ya kulinda ilipogeuka sheria ya kubagua. Kreti moja ya jini ikiteremshwa forodhani Mombasa, ilikuwa sumu au kiburudisho kutegemea ngozi ya mpokeaji. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ukaikaza kamba hiyo badala ya kuilegeza.

Mwanahistoria Justin Willis, ambaye kitabu chake cha mwaka 2002, Potent Brews, ndicho ninachokiegemea hapa, anasisitiza kwamba ulevi wenyewe si kiini cha historia ya pombe Afrika Mashariki. Kiini ni mamlaka. Kabla ya ukoloni wazee walidai kwamba kunywa ni heshima yao na vijana wangoje. Wakoloni walipokuja wakajiweka katika kiti cha wazee, na Mwafrika mzima, mwenye mke na mifugo, akawekwa katika kundi la watoto. Ukumbi wa Muthaiga Club, uliofunguliwa Nairobi usiku wa kuamkia 1914, unaonyesha hali hiyo kuliko waraka wowote. Mhudumu Mwafrika aliyepita na sinia alibeba glasi ambayo sheria ilimkataza kuonja, na walevi waliokuwa wakipasua vikombe walihesabiwa kuwa watu wazima.

Huku chini mtoni watu walikuwa na vyao. Mkoma na mkindu hugemwa, na katika misitu ya Tana mkindu una wateja wengine: nyani wadogo wa kule, wale ambao hifadhi ilitengwa kwa ajili yao mwaka 1976, hula matunda yake. Watafiti wameshaandika juu ya ushindani huo wa binadamu na nyani kwa mti mmoja. Serikali ya kikoloni ililitazama tembo kwa jicho la kodi na kibali. Chang'aa, kwa kuwa ilikenekwa, ilitazamwa kwa jicho la polisi.

Na mtarakwa je? Huo ndio mreteni pekee duniani unaovuka ikweta wenyewe hadi kusini, nao hukua mti mrefu, si kichaka. Wakoloni waliona ndani yake nguzo za ua na penseli. Kule Usambara, katika Tanzania ya leo, Wajerumani wa kampuni ya Wilkins & Wiese walitundika reli ya waya kutoka Shume hadi Mkumbara ili magogo yake yashuke mlimani yakipaa, kisha yasafirishwe. Matunda yaliachwa yaanguke, na jini ya kilabuni iliagizwa kutoka London.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Pombe kali iliruhusiwa kwa Waafrika katika miaka ya 1950. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, ikahalalishwa kwa masharti na sheria ya 2010 tunayoiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha. Katikati watu walikufa kwa methanoli, wakiwamo zaidi ya mia moja Nairobi mwaka 2000. Kila mara serikali ilihesabu chupa na saa za kufungua baa.

Kwa aliyeruhusiwa na imani yake na umri wake, martini si kazi kubwa. Chukua mililita 60 za jini na 10 za vermuti kavu, tia barafu nyingi na ngumu, koroga kama nusu dakika, kisha chuja kwenye glasi iliyokaa kwenye friza. Malizia kwa ganda la limau au zeituni. Tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tunamlaumu. Huku martini hutiwa maji kwa makusudi: barafu inayoyeyuka ndiyo inayoifanya inyweke, na pengine robo ya kilichomo mwishoni ni maji. Jotoni Garsen, barafu laini ya dukani itaizidisha kabla hujamaliza kukoroga.

Sasa kuna jini ya Nairobi, Procera, inayotumia matunda mabichi ya mtarakwa na kuuzwa katika chupa zilizopulizwa kwa mkono Kitengela. Bei yake ni ya watalii na ya baa za London, na simlaumu mwenye nayo. Lawama ni yetu sisi tuliongoja zaidi ya karne moja kugundua kwamba mti huu una kitu zaidi ya nguzo. Matunda huzaliwa na mti mke peke yake, na huchumwa ukiwa umesimama. Ukikatwa, hutoa nguzo mara moja, basi.